Mama Ng'ambo ya Bonde

Mara ya kwanza kukabidhiwa kamera niende kazini peke yangu, nilipelekwa kwenye mazishi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa katika studio ya picha mjini Kisii, na mwenye studio alikuwa amelala nyumbani akiuguza mgongo. Alikuwa Mhindi wa makamo ambaye babu yake alifungua duka la vitambaa katika mtaa huohuo. Yeye alizaliwa Kisii, akasomea Kisii, na Ekegusii chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu cha wakati ule. Sote pale kazini tulimwita Mzee.

"Nenda," aliniambia kwa simu. "Betri ziko mbili. Usizimalize kwa hotuba."

Nikazimaliza kwa hotuba. Nilimpiga picha mchungaji, nikampiga chifu, nikapiga magari yote yaliyoegeshwa kwenye nyasi, na jeneza nikalizunguka mara tatu. Siku mbili baadaye Mzee alirudi dukani akitembea kama aliyebeba debe la maji, akaketi nami mbele ya televisheni, akatazama kazi yangu yote. Mwishowe akauliza, "Mjane yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Alikuwa chini ya hema, mdogo katikati ya kofia za wanawake wa kanisa. Halafu picha iliruka ghafla hadi usoni pake, ikitetemeka, na yeye akajifunika uso kwa leso.

"Hapa umemrukia," Mzee alisema. "Wewe umesimama mbali, umemvuta kwa lenzi kama mtu anayechungulia dirishani. Yeye amehisi, amejificha. Ukitaka kumkaribia mtu, tembea. Ukiona aibu kutembea zaidi, simama hapohapo. Hapo ndipo pa kupigia picha."

Sikuwahi kwenda chuo cha filamu. Chuo changu kilikuwa televisheni ile. Alasiri mvua ya Kisii iliponyesha na wateja wakakatika, Mzee alikuwa akiweka filamu za zamani, za Bombay na za kwingineko, akizima sauti kabisa. Kila baada ya muda alisimamisha picha na kuniuliza kamera iliwekwa wapi na kwa nini. Nikimweleza kwamba mwigizaji ana huzuni, alikuwa akitikisa kichwa. Huzuni ya mwigizaji ni kazi ya mwigizaji, alisema. Mwongozaji ana kazi nyingine: kuamua mtazamaji asimame umbali gani kutoka kwa huzuni hiyo.

Nilijifunza polepole. Mtu akipigwa picha kutoka juu, anaonekana kama aliyeachwa chini ya shimo, hata kama ni bwana mkubwa mwenye suti. Ukipiga magoti na kumtazama kutoka chini, hata mama muuza ndizi anakuwa na kimo cha mnara. Uso ukijaza kioo chote, hauna pa kukimbilia, na wewe unayeutazama pia huna. Lakini mtu yuleyule ukimweka mbali, katikati ya uwanja mtupu, unaanza kuona vitu ambavyo havipo: kiti ambacho hakuna aliyekikalia, mtu ambaye angepaswa kuwa kando yake.

Mwaka wa tatu nilipiga harusi moja karibu na Nyamira mjini. Baba ya bibi harusi alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, mwenye uso usioonyesha kitu. Wenzangu walimpita, wakaenda kwa mama aliyekuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Mimi niliona mkono wa yule baba. Alikuwa ameshika ile karatasi ya ratiba, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama tiketi. Nikatembea hadi karibu, nikapiga magoti, nikaupiga picha mkono ule peke yake wakati binti yake akila kiapo. Wiki kadhaa baadaye bibi harusi alikuja studio. Aliniambia, "Dada, miaka yote nilidhani baba hajali." Siku hiyo nilitembea kutoka kazini hadi stendi nikijiona mrefu.

Niliendelea na harusi na mazishi zaidi ya miaka kumi. Mzee alistaafu, akahamia Kisumu kwa binti yake, na mimi nikafungua chumba changu mwenyewe orofa ya pili, juu ya duka la dawa. Hapo ndipo nilipoanza kuandika filamu yangu. Ilikuwa fupi, ya dakika ishirini hivi, kwa Ekegusii, na hadithi yake ilikuwa rahisi: mwanamke aliyefiwa na mumewe anarudi kuchuma majani chai kwa mara ya kwanza, miezi mitatu baada ya mazishi. Kilele chake, nilivyokiandika, kilikuwa hapo katikati ya shamba. Anasimama, anakumbuka, analia. Kamera inamkaribia hadi machozi yajaze kioo.

Tulipigia picha shambani kwetu, Ekerenyo. Shamba letu la chai si kubwa, liko kwenye mteremko mkali unaoshuka hadi mtoni, na ng'ambo ya mto kuna mteremko mwingine unaotutazama, wa majirani. Baba yangu alikuwa amefariki miaka minne kabla. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu alianza kuchuma chai pamoja na mama, yeye mstari wake, mama mstari wake. Alichuma polepole kama anayesahihisha madaftari, na mama alikuwa akimkemea kutwa nzima.

Mtu wangu wa sauti alikuwa kijana mwenye duka la kutengeneza simu mjini, Mjaluo wa Homa Bay, mtulivu, mwenye sikio lisilokosa kitu. Hakujua Ekegusii hata kidogo. Asubuhi ya kwanza, tukishusha vyombo, alinivuta pembeni akiwa na wasiwasi.

"Dada, huyu mama yako, mbona unamwita baba?"

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Nikamweleza kwamba kwa Ekegusii ndivyo ilivyo, mama ni baba, na baba ni tata. Kuanzia hapo alikuwa akimsalimia mama yangu "baba" kila asubuhi, kwa heshima zote, na mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha kanisani, "Asante mtoto yangu, chai yako iko tayari."

Mwigizaji niliyemchukua alikuwa wa kikundi cha maigizo cha mjini, mama hodari aliyezoea jukwaa. Tulipofika kwenye ile sehemu ya kulia, alijitupa chini kati ya michai, akapiga yowe lililowatoa majirani nje. Mama alikuwa amesimama kando na birika.

"Huyu amefiwa lini?" aliniuliza.

"Miezi mitatu imepita, kwenye hadithi."

"Miezi mitatu mtu hajitupi," mama alisema. "Siku ya kwanza, sawa. Miezi mitatu unatafuta jembe."

Mwigizaji alisikia. Niliogopa kwamba angekasirika, lakini alijipangusa udongo akicheka. "Basi mama aigize yeye. Mimi nitakuwa jirani anayekuja na unga."

Nilidhani ni utani. Mama akaweka birika chini, akafungua leso yake na kuifunga upya kiunoni, kwa nguvu, kama anavyofanya akienda kituo cha kupimia majani. "Nisimame wapi?" akauliza.

Siku mbili zilizofuata nilipata picha ambazo sikuwahi kuziota. Mama hakuigiza kitu. Alifungua mlango, akawasha moto, akachambua mboga, na kamera ilipokuwa mahali pazuri yote yalionekana. Nilimpiga picha kutoka nyuma akipakua ugali, akikata kipande kikubwa mno, kisha akikigawa. Niliweka kamera chini kabisa, sakafuni, alipokuwa akifagia, na viatu vya mwanamume vilivyowekwa chini ya kitanda vikawa vikubwa mbele ya macho huku yeye akifagia kuvizunguka. Mtu wa sauti alikuwa akinionyesha dole gumba kila mara.

Kisha ikaja sehemu ya kulia. Nilimweleza mama, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Hapana," akasema.

"Ni machozi kidogo tu, mama. Watu waelewe."

"Baba yako nilimlilia nikamaliza. Siwezi kulia tena kwa sababu ya mashine."

Nilijaribu tena na tena. Nilikuwa nimeshaona picha hiyo kichwani kwa mwaka mzima, sikutaka kuiacha. Na hapo nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka shingo inapata moto. Kamera ilikuwa inanasa, hatua mbili tu kutoka usoni pake, na mimi nikiwa nyuma ya kamera nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kumbuka asubuhi ile tulipomtoa hospitali."

Uso wake ulibadilika. Lakini hakulia. Alitoa kikapu mgongoni taratibu, akakiweka chini, akanitazama mimi, si kamera.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Si ya filamu."

Akapanda kilimani akaingia nyumbani. Nilibaki nimeshika kamera kama kuni. Mtu wa sauti alivua vipokea sauti vya masikioni. Hakuwa ameelewa hata neno moja.

"Sijui mlisemezana nini," aliniambia, "lakini nilisikia pumzi yake ikikatika. Umemsogelea sana, dada."

Nilikwenda kuomba msamaha. Nilimkuta jikoni akipepeta mahindi, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia nimekosa. Alimaliza ungo mzima kwanza.

"Mimi sijakataa kazi yako," akasema hatimaye. "Nimekataa kuchunguliwa. Mjane akienda shambani watu humwacha. Wanamtazama kutoka kwao, ng'ambo ile. Nilipoanza tena kuchuma, mama wa ng'ambo aliniangalia wiki nzima. Hakuja. Lakini nilijua ananiangalia, na ilinisaidia."

Nilisimama pale mlangoni nikaitazama ng'ambo aliyosema. Mteremko wa majirani, migomba, njia ya ng'ombe inayoshuka mtoni. Nilikuwa nimeutazama mteremko ule tangu utotoni na sikuwahi kuufikiria kama mahali pa kuweka kamera.

Kesho yake asubuhi nilivuka mto na kamera begani na stendi yake mgongoni, nikapanda hadi kwa yule mama wa ng'ambo, nikamwomba nisimame kwenye shamba lake. Mtu wa sauti alibaki upande wetu, amejificha kwenye migomba iliyo ukingoni mwa chai, na mama alikuwa na kinasa sauti kidogo kimefichwa kwenye kola ya gauni. Niliweka kamera nikatazama kiooni. Mama alikuwa mdogo kama kidole, doa la leso ya njano kwenye kijani kisichoisha. Niliingiwa na hofu. Nilijiuliza nani atamwona, nani atahisi kitu kutoka umbali ule.

Mama alipaza sauti kutoka ng'ambo, kama watu wa kwetu wanavyozungumza bonde kwa bonde. "Nianze?"

"Uanze nini?" jirani mwingine akaitikia kutoka huko chini, na vicheko vikasikika kwenye vilima vyote viwili. Tulingoja mpaka watu waliponyamaza. Kisha nikapunga mkono.

Alichuma mstari wake. Mikono yake sikuiona, niliona mwendo wake tu, ule wa kusonga na kusimama, kusonga na kusimama. Alifika mwisho. Nilikuwa nimemwambia aishie hapo. Lakini aligeuka akauendea mstari wa pili, ule uliokuwa wa baba. Akasimama kichwani mwa mstari huo muda mrefu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya kilima. Alitazama juu mara moja, kisha akaingia kwenye mstari ule akaanza kuchuma, polepole, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akichuma maishani.

Sikusogeza kamera wala kugusa lenzi. Nilisikia mikono yangu ikitaka kumvuta karibu, nikaishika nyuma kama mtoto wa shule.

Niliporudi upande wetu, mtu wa sauti alikuwa ameketi kwenye mgomba ulioanguka. "Amesema kitu," akaniambia. "Sikuelewa. Sikiliza wewe."

Nikavaa vile vya masikioni. Kwanza nilisikia matawi yakisuguana na gauni, halafu pumzi yake, karibu kabisa, kama amelala begani kwangu. Kisha kimya. Halafu sauti yake, ile ya kukemea, lakini bila ukali wowote ndani yake: "Haraka, wewe. Mvua hiyo inakuja."

Ndivyo alivyokuwa akimwambia baba kila siku.

Mtu wa sauti aliniuliza maana yake. Kisha akaniona nikilia. Alinipa leso yake akaenda kukunja nyaya.

Jioni hiyo nilimwekea mama ile sauti pamoja na picha. Nilimwambia waziwazi kwamba akikataa nitaifuta mbele yake. Alitazama hadi mwisho, amekunja mikono.

"Sikujua ninasema kwa sauti," akasema. Kisha akaongeza, "Iache. Ni kweli."

Asubuhi ya mwisho, tulipokuwa tumemaliza kila kitu na mtu wa sauti akifunga begi, mama aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba, kikapu kimejaa mgongoni, tayari kwenda kituoni kupeleka majani.

"Sasa njoo karibu," akasema. "Sasa unaweza."

Nikaenda. Nilitembea hatua baada ya hatua, na hakuna mahali nilipoona aibu, nikafika karibu kiasi cha kuona mikunjo ya macho yake ikitembea. Nikapiga goti moja. Aliitazama lenzi moja kwa moja, kidevu juu, mvuke wa asubuhi ukitoka kwenye majani nyuma ya shingo yake. Hakulia wala hakutabasamu. Alikuwa tu pale, mkubwa kuliko kilima. Hiyo ndiyo picha inayofunga filamu yangu.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja mchana, katika ukumbi mmoja mjini Kisii, pamoja na nyingine za vijana wa huku. Mama alivaa gauni lake la pasaka. Wanawake sita wa kituo cha majani cha Ekerenyo walikuja naye, wakaketi mstari mmoja, wamebana mikoba magotini. Nyuma yao walikuwa wanafunzi wa chuo, wenye kelele na simu mkononi.

Picha ya ng'ambo ilipoanza nilifumba macho. Nilikuwa nimeiacha karibu yote, dakika nne bila kukatwa. Kijana mmoja nyuma akasema, "Si wazoom basi, hatuoni kitu." Mwenzake akamwambia, "Zii, tulia." Nilifumbua macho nikaona vichwa vyote vimeinama mbele, kila mtu akijaribu kuona vizuri, kama watu waliosimama kwenye ukingo wa bonde lenyewe. Sauti ya mama ilipofika, "Haraka, wewe," mmoja wa wale wanawake sita aliitikia kwa sauti, "Eee," kama anavyoitikia mtu kanisani. Halafu mwingine. Kijana aliyetaka picha ivutwe karibu alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi, kisha wakamtambua. Msichana mmoja alinong'ona, "Ndiye huyo," na ukumbi mzima ukageuka. Mwendesha shughuli alimwomba asimame aseme neno. Nilidhani angekataa. Alisimama, akanyoosha gauni.

"Mimi si mwigizaji," alisema kwa Kiswahili, taratibu, akichagua kila neno. "Mimi nachuma majani. Hii kilio mlitaka kuona, sikutoa. Lakini nyinyi mmelia. Basi mtoto yangu anajua kazi."

Akaketi. Wale wanawake sita walimpigapiga mabega. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikutafuta mahali pa kuweka kamera. Nilitazama tu.

Mwaka huu mama ameitwa katika filamu ya watu wengine, vijana kutoka Nairobi, wanaopigia picha Nyansiongo kwenye yale mashamba mapana ya ng'ombe wa maziwa. Nilimpeleka kwa gari langu. Mwongozaji wao, binti mdogo mwenye kofia ya sufu, alikuwa anamweleza mahali pa kusimama, na mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha kwa kidole upande mwingine wa boma, kwenye kivuli. Binti alifikiri kidogo, akawaambia watu wake wahamishe kamera.

Kisha akaniona nimesimama pale nimeshika mkoba wa mama na thamosi yake ya chai.

"Samahani, wewe uko kwenye kundi gani?" akaniuliza.

"Niko na mwigizaji," nikamwambia. "Ni mama yangu."

Akaniletea kiti.